Mjane wa Wilaya ya Mtondoo

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa ikitajwa hukasirika, na ikikasirika hutuma gari. Inatosha kusema kwamba ni nchi yenye amani tele, na kila ofisi yake ina picha ya mtu anayetabasamu. Katika nchi hiyo kuna wilaya iitwayo Mtondoo, na Mtondoo palikuwa na tawi la Ndugu wa Timazi, chama cha watu wema kupita kiasi.

Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni ambao fundi mwashi huuning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Ndugu hawa hawakuwa waashi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika tofali, isipokuwa Mkuu wa Polisi, ambaye alilishika kwa shughuli nyingine. Hata hivyo kila mmoja alivaa aproni nyeupe ya ngozi na timazi dogo la dhahabu kifuani, na walipopeana mikono walibonyezana kifundo cha kidole kwa namna ambayo mimi na wewe haturuhusiwi kuijua. Mkuu wa Wilaya, Bwana Sanguli, ndiye aliyekuwa Ndugu Mkuu wa tawi. Daktari Kisesa, Mganga Mkuu wa hospitali, alikuwa msaidizi wake. Hakimu alikuwemo, meneja wa maji alikuwemo. Ndiyo maana mambo ya Mtondoo yalikwenda kwa upendo: ukionewa na mmoja, ulikwenda kumshtaki kwa ndugu yake.

Watu wasio na shukrani walinong'ona kwamba wanachama hao hunywa damu na kutoa watu kafara. Ni uongo mtupu. Nimeuliza, nikaambiwa walikuwa wakinywa soda baridi na kula sambusa, na kwamba kazi yao kubwa ilikuwa kuhudumia jamii. Kila mwaka katika Siku ya Huduma walipaka rangi geti la hospitali. Ndani ya geti hapakuwa na dawa, lakini geti lenyewe lilipendeza, na wagonjwa wengi walitamani kuliangalia kabla ya kufa.

Sasa kiapo kikuu cha Ndugu wa Timazi ni kumtunza mjane na yatima. Hapo ndipo tawi la Mtondoo lilipopata aibu yake.

Habari zilikuja kwa simu kutoka makao makuu. Ndugu Mkuu wa Taifa angezuru matawi yote kuadhimisha jubilei ya chama, na safari hii hakutaka kuona mageti. Alitaka kuonyeshwa wajane. Tawi litakalomtunza mjane wake vizuri kuliko mengine lingepewa Nishani ya Huruma, na mkuu wa tawi hilo, ilisemekana, angefikiriwa kwa ukuu wa mkoa.

Bwana Sanguli aliitisha kikao siku iyo hiyo.

"Ndugu zangu," alisema, "tuna wajane wangapi?"

Wakatazama sambusa zao. Ndugu wa Timazi wa Mtondoo walikuwa hawafi. Walikula vizuri, walilala vizuri, na mmoja wao akipata homa alipelekwa ng'ambo kwa ndege. Tangu tawi lianzishwe hakuna ndugu aliyekuwa na moyo wa kumwachia mwenzake mjane.

"Wajane wapo wengi, Mheshimiwa," alijaribu meneja wa maji. "Hata hapo nje getini wapo wanaomba chumvi."

"Wale ni wajane wa watu," Bwana Sanguli alijibu kwa uchungu. "Kanuni inasema mjane wa ndugu. Tukimsaidia mjane wa mtu baki, hiyo si huduma, ni vurugu." Akafuta jasho. "Wilaya ya jirani wanao wawili. Mmoja wamemnunulia hata friji! Sisi tutamwonyesha mgeni nini? Wake zetu wenye afya?"

Hapo, nje ya mlango, mtu akakohoa.

Aliyekohoa ni Mbaruku. Kila tawi lazima liwe na ndugu mmoja wa kusimama nje ya mlango na upanga ili wasioapishwa wasisikie siri, na kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekubali kusimama juani, walimwapisha Mbaruku. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusoma mita za maji. Mtondoo mabomba yalikuwa hayatoi maji, lakini mita zilikuwepo na zilihitaji kusomwa. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwembamba, mwenye pumu tangu utotoni. Alikuwa na mke aitwaye Siwema na watoto wawili, Shani na mdogo wake Kombo, na wote wanne waliishi katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya machinjio, mahali ambapo zamani palihifadhiwa ngozi.

Akakohoa tena, kikohozi kirefu chenye mluzi ndani yake. Mle kikaoni ndugu wakatazamana. Daktari Kisesa akaweka sambusa chini.

"Ndugu Mlinda Mlango," Bwana Sanguli aliita kwa sauti laini ambayo hajawahi kuitumia, "hebu ingia, ndugu yangu. Ingia ukae."

Jioni hiyo Mbaruku alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

"Wameniingiza ndani, Siwema! Nimekaa kwenye kiti cha mito. Mkuu wa Wilaya kanimiminia soda kwa mkono wake."

Siwema alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Wanataka nini?"

"Hawataki kitu! Wameniuliza hali tu. Daktari kaniuliza kifua hunisumbua zaidi asubuhi au jioni."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni asubuhi, na vumbi ndilo linaloniua."

"Halafu?"

"Halafu wakapiga makofi."

Siwema akaacha kuchambua mchele.

Wiki iliyofuata nyumba ikaanza kujengwa kwenye kiwanja kizuri mbele ya uwanja wa mikutano, palipokuwa na bustani ya umma. Ndugu walikuja na aproni zao na miiko ya fedha, kila mmoja akaweka tope kidogo juu ya jiwe la msingi, wakapigwa picha, wakaenda kunawa. Kazi iliyobaki wafungwa waliimalizia. Na niseme haki: ilikuwa nyumba safi sana. Vyumba vitatu, sakafu nyekundu inayong'aa, bati la kijani, bomba lake lenyewe la maji, na maji yalitoka. Watu walikuja kutoka vijijini kuyaangalia. Juu ya mlango walipachika kibao cha marumaru: NYUMBA YA MJANE WA NDUGU MBARUKU.

Siwema alikiona kibao hicho akitoka sokoni na watoto. Alisimama akakisoma mara ya kwanza, akakisoma tena, kisha akamwacha Kombo mikononi mwa dada yake na kwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, kapu likiwa bado kichwani.

"Mheshimiwa, kile kibao kina makosa. Mume wangu yu hai."

Bwana Sanguli alisimama, akamvutia kiti. "Tunajua, shemeji. Na wala hatumlaumu."

"Hammlaumu kwa nini?"

"Kila jambo lina wakati wake. Sisi ni watu wa subira." Akatazama kalenda ukutani, ambako siku ya jubilei ilizungushiwa wino mwekundu, akapumua. "Subira ya kiasi."

"Basi kama nyumba ni yetu, tuhamie. Kule machinjioni mvua inatunyeshea ndani. Mume wangu ndiyo kwanza kifua kinamzidi."

"Ningependa mno! Lakini kanuni hairuhusu, shemeji. Ile ni nyumba ya mjane. Ukiingia mle na mume, utakuwa umemdhulumu mjane. Na sisi tumeapa kumlinda mjane hata dhidi yako."

Alipofika nyumbani na kumweleza mumewe, alitegemea atakasirika. Mbaruku alikaa ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa.

"Umeiona sakafu yake?" aliuliza hatimaye.

"Mbaruku!"

"Nauliza tu. Umeiona?"

Baada ya hapo upendo wa ndugu ukamshukia kama mvua ya masika. Meneja wa maji alimpandisha cheo. Hakuwa tena msoma mita, alikuwa Msimamizi wa Ghala la Chokaa, kwa kuwa mji mzima ulitakiwa kupakwa chokaa kabla ya mgeni kufika. Ghala halikuwa na dirisha. Mbaruku alishinda humo akipima unga mweupe kwa koleo, na jioni alirudi mweupe kope na nywele, akipumua kama mtu anayevuta kamba nzito kisimani. Daktari Kisesa alikuja kumtazama yeye mwenyewe, na gari la hospitali, akakichukua kile kikopo chake cha kuvuta dawa ya pumu.

"Hiki ni cha zamani, ndugu yangu. Nitakuagizia kizuri zaidi kutoka ng'ambo."

"Lini, Daktari?"

"Utakipata. Usiwe na haraka." Akamgusa bega. "Au kuwa nayo kidogo."

Siwema alikwenda hospitali kuomba kikopo kingine. Muuguzi alimsikiliza kwa huruma, akatazama huku na huku, akasema kabati la dawa za pumu limefungwa na ufunguo anao Mganga Mkuu, hadi baada ya sherehe. Akaenda kwa Hakimu. Hakimu alimpa mkono wa pole, mapema. Mwisho akafunga nguo kwenye shuka na kuwapandisha mumewe na watoto kwenye basi la kwenda kwa kaka yake, wilaya ya pili. Kwenye kizuizi polisi wakawashusha. Mkuu wa Polisi mwenyewe alikuwepo, akapiga saluti.

"Ndugu Mbaruku, unatuacha wakati huu? Kuna mtu amekukosea?"

"Hapana, Afande."

"Watu wamejitolea. Wafungwa wamejenga kwa jasho. Wanawake wa kwaya wameshajifunza wimbo wa maombolezo kwa sauti nne. Tuwaambie nini?"

Mbaruku aliokota furushi la nguo. Alirudi amebebwa na gari la polisi, na askari walimshusha mlangoni kwa heshima kubwa.

Siwema alilia siku hiyo, ingawa si mtu wa kulia. "Vua ile aproni," alimwambia. "Waambie umejitoa. Waambie hutaki undugu wao. Kwa nini huwaambii?"

Mbaruku alikuwa ameegemea ukuta kwa kuwa hakuweza tena kulala chali. Alivuta pumzi kwa kila maneno mawili matatu.

"Siwema, mimi nimesoma mita kwa miaka yangu yote. Nikibisha hodi watu walikuwa hawafungui. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenisubiri kwa jambo lolote. Sasa wilaya nzima inanisubiri."

"Inakusubiri ufe!"

"Najua," alisema. "Mimi si mjinga." Akatafuta hewa. "Lakini watoto wataoga maji ya bomba."

Siwema alimshika kichwa akakilaza kifuani kwake, na kwa mara ya kwanza alimkasirikia kiasi cha kutaka kumpiga, na hakumpiga, alimpangusa chokaa kwenye nyusi kwa ncha ya kanga.

Mbaruku alifariki adhuhuri, ndani ya ghala, wakati bendi ya polisi ikifanya mazoezi nje. Waliomkuta walisema alikuwa amekaa, koleo mapajani, kinywa wazi kuelekea mlangoni. Ndugu wa Timazi walilia sana. Nasema kweli, nimezungumza na waliowaona: machozi yalikuwa machozi halisi. Jubilei ilikuwa karibu mno, na wengine walikuwa wameanza kukata tamaa na kumtazama meneja wa maji, ambaye alikuwa na kisukari.

Maziko yalikuwa ya fahari isiyowahi kuonekana Mtondoo. Siwema hakuruhusiwa kumwona mumewe, kwa sababu maiti ya ndugu huagwa kwa siri na ndugu pekee. Alikaa nje ya mlango na watoto, akasikia ndani wakigonga sakafu kwa fimbo na kusema maneno ya lugha asiyoijua. Mlangoni alisimama mlinzi mwingine na upanga. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye afya, karani wa ardhi, na kila aliposikia kikohozi popote aligeuka kwa hofu kuhakikisha si chake.

Siku hiyo hiyo walimhamishia nyumba ya kibao cha marumaru. Alipoomba akae eda kwa utulivu kama mila inavyotaka, Mkuu wa Wilaya alimtangazia kwamba eda imesimamishwa kwa muda kwa maslahi ya umma, na itaendelea baada ya mgeni kuondoka. Wakampa gauni jeusi la hariri. Fundi alilishona vizuri kabisa, maana alikuwa amechukua vipimo mapema, kwa kumkadiria sokoni.

Ndugu Mkuu wa Taifa akafika. Alikuwa mzee mnene mwenye uso wa babu wa kila mtu, na timazi lake lilikuwa kubwa hata msaidizi alilishikilia kwa chini lisimchoshe shingo. Mji ulikuwa mweupe pe. Kwaya iliimba kwa sauti nne. Bwana Sanguli alihutubia, akaeleza jinsi Mtondoo ilivyokuwa wilaya maskini isiyo na mjane hata mmoja, na jinsi, kwa umoja na uongozi thabiti, ilivyompata kwa nguvu zake yenyewe bila kutegemea wafadhili wa nje.

Kisha mgeni akaletwa barazani kwa mjane.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Ana huzuni?"

"Sana," Bwana Sanguli alijibu kwa niaba yake.

Mgeni akamshika Siwema mikono yote miwili. Ilikuwa mikono laini, ya joto. "Mwanangu, unahitaji nini zaidi?"

Ilikuwa haijapangwa aulizwe. Bwana Sanguli alikodoa macho. Siwema alimtazama yule mzee, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu dukani, "Namtaka mume wangu."

Mgeni akatoa leso akafuta macho. "Ajabu!" alisema, akiwageukia wenzake. "Mjane wa kweli. Wale wa wilaya ya jirani wameniomba cherehani." Na pale pale akamvalisha Bwana Sanguli Nishani ya Huruma, na bendi ikapiga.

Mambo yangeishia hapo, na ningekuwa nimewasimulia kisa cha furaha, kama mzee yule asingewaona watoto. Walikuwa wamesimama nyuma ya mama yao, wameogeshwa maji ya bomba, wamepakwa mafuta usoni. Akainama kwa shida akamshika Shani kidevu.

"Na hawa? Ni yatima?"

Bwana Sanguli alikohoa. "Nusu, Mheshimiwa. Mama yao bado yupo, kama unavyomwona."

"Nusu," mgeni alirudia. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa majonzi, kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari na hataki kumvunja moyo mwenyeji. "Mwakani tumekusudia uwe mwaka wa yatima, Sanguli. Yatima kamili. Nitarudi kuwaona." Akampigapiga mkono. "Najua wewe ni mtu wa kazi."

"Tutalifanyia kazi, Mheshimiwa."

Makofi yakalipuka uwanja mzima. Siwema alisimama katikati ya makofi yale akiwa na mkono juu ya kichwa cha kila mtoto. Alimwona Bwana Sanguli akimtazama Daktari, na Daktari akimtazama yeye: kwanza shingo, kisha macho, kisha kucha. Halafu Daktari akasogea karibu, akatabasamu kwa wema wote wa taaluma yake.

"Shemeji," alisema, "wewe huwa unasumbuliwa na nini?"

"Hakuna, Daktari. Mimi ni mzima."

"Mzima kabisa? Fikiria vizuri. Hata presha?"

"Ngoja niwaletee wageni maji," Siwema alisema. "Shani, Kombo, njooni mnisaidie bilauri."

Aliingia ndani na watoto, akapita sebule yenye sakafu nyekundu, akapita jikoni, akatoka mlango wa nyuma. Hakuchukua kitu. Hapo bendi ikaanza kupiga wimbo wa taifa, wimbo mrefu wenye beti za kumsifu kila aliyewahi kutawala, na wakati unapopigwa mwananchi yeyote haruhusiwi kujongea. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa umesimama kama milingoti: wachuuzi, askari wa kizuizini, hata mbuzi waliokamatwa kamba. Siwema peke yake ndiye aliyetembea. Watu walimwona akipita na gauni lake jeusi na watoto wawili, na hakuna aliyeweza kugeuza shingo.

Nje ya kizuizi lori la vitunguu lilikuwa limesimama. Dereva, mgeni wa nchi nyingine asiyejua mila zetu, alikuwa akikaza nati za gurudumu na kujipigia mluzi. Siwema alivua ushungi mweusi, akaukunja, akauweka chini ya mti.

"Kaka, unaelekea wapi?"

"Mpakani, dada. Kuna nini huko, mbona ngoma?"

"Sherehe tu. Tupe nafasi."

Dereva aliwatazama watoto waliopakwa mafuta, akawatazama miguu isiyo na viatu. "Baba yao yuko wapi?"

"Yupo," Siwema alisema. "Ametangulia."

Yule bwana aliweka spana chini. Aliwainua watoto mmoja mmoja akawaweka juu ya magunia, akamsaidia mama yao kupanda, akawasha gari. Mtondoo ukaanza kurudi nyuma, mweupe wote, kuta, mawe ya barabarani na vigogo vya miti. Walipokuwa wameupita mto, na bendi haisikiki tena, Shani alivuta mkono wa mama yake.

"Mama, sisi ni nusu?"

"Nani kasema?"

"Yule babu."

Siwema alimpakata, na Kombo akamvutia upande wa pili. Macho yalimchoma kwa vitunguu, na hakuyafuta.

"Nyinyi ni wazima," alisema. "Mkiulizwa mbele ya safari, popote, na mtu yeyote, semeni hivyo. Haya, nisikie."

"Sisi ni wazima," alisema Shani.

"Na wewe, Kombo."

Kombo alikuwa ameshalala.